Posa Nyumbani kwa Mwenyekiti wa Simba

Nilimwambia Felisian avae shati jeupe, na kweli alivaa shati jeupe. Nilisahau kumwambia habari ya soksi. Alipovua viatu mlangoni kwetu Chanji, Jumapili ile baada ya ibada, nikaziona: soksi za njano, mstari wa kijani juu ya kifundo. Moyo ukanilipuka paa!

"Ndiyo nini hiyo?" nilimnong'oneza nikijifanya ninapanga viatu vya wageni.

"Baridi, Atu. Ndizo nzito nilizonazo."

"Siku ya posa, Felisian? Kwenye nyumba hii?"

Akanitazama. Mwanaume huyu ana macho ya taratibu, yakikutulia unasahau ulichokuwa unagomba. Nikasahau. Agosti ya Sumbawanga ina upepo unaopita mpaka kwenye mifupa, lakini mimi mashavu yalikuwa yananiwaka.

Nyumba hii, nilisema. Nyumba yetu ilikuwa imepakwa rangi nyekundu toka chini mpaka usawa wa madirisha, na nyeupe kutoka hapo hadi kwenye bati. Juu ya bati kulikuwa na bendera. Baba yangu, Mzee Ambilikile, aliletwa Sumbawanga na kazi ya ukarani akiwa kijana kutoka Rungwe, Mbeya, akajenga, akastaafu, na sasa alikuwa mwenyekiti wa tawi la Simba la Chanji. Mimi mwenyewe ni Simba wa kuzaliwa. Na mtu niliyempenda kuliko wote duniani, Mfipa wa Mwazye anayeleta maharage mjini kwa lori la Fuso, alikuwa Yanga mpaka kwenye soksi.

Aliyekuja naye ni mjomba wake, Mzee Beda, mshenga. Mzee Beda alikuwa na mpango wake, na aliueleza pale pale mlangoni kwa sauti ambayo yeye aliita ya chini.

"Ukiulizwa timu, sema Prisons. Prisons ni ya Mbeya, mkweo ni mtu wa Mbeya. Biashara imekwisha."

"Mjomba, mimi si Prisons."

"Leo u Prisons. Kesho utajijua."

Kwa desturi, binti anayeposwa hakai sebuleni na wageni. Anasubiri kuitwa, aulizwe kama anawafahamu. Nikaenda nyuma ya pazia la korido, na Shangazi Janeth, dada yake baba, akaja kujibanza nami, bakuli la karanga mkononi utadhani yuko kwenye kibanda umiza anaangalia mpira.

Mambo yalianza vizuri. Shikamoo zikatolewa, marahaba zikaitikiwa. Wali wa Kyela uliliwa ukaisha. Waliongea mahindi, waliongea maharage, waliongea barabara ya Matai. Mzee Beda akasema wameona ua kwenye boma hili na wangependa kulijua jina lake. Shangazi akanifinya kiunoni.

"Ua tunalo," alisema baba. "Lakini mimi mtu simjui mpaka tuongee mpira. Kijana, msimu huu unauonaje?"

Hapo ndipo nilipofumba macho. Namjua Felisian. Ni mtu wa maneno machache mpaka umtajie mpira.

"Msimu huu ni mgumu, baba," alianza kwa adabu. "Timu zote zimesajili. Ila kinachoshinda ligi si mechi kubwa. Ni zile za mikoani, uwanja umekauka, upepo kama huu, watu wamejaa mpaka kwenye miti. Hapo ndipo pointi zinapotea. Sisi tukipata kiungo mmoja tu wa kutuliza mpira..."

"Ninyi akina nani?"

Nikasikia karanga moja ikivunjika mdomoni mwa shangazi.

"Prisons!" alidakia Mzee Beda. "Anasema Prisons."

"Prisons naipenda hata mimi, mzee mwenzangu. Ni ya nyumbani. Mimi naulizia ile nyingine. Tangu lini Mtanzania akawa na timu moja?" Kisha baba akainama kidogo. "Na miguu yake imeshanijibu. Nataka nisikie mdomo."

Nilichungulia kwenye upenyo wa pazia. Felisian aliitazama miguu yake, akamtazama mjomba wake, kisha akainua uso.

"Yanga, baba. Tangu nanyonya."

Nilijua sasa yamekwisha. Lakini baba alifanya kitu ambacho sikukitegemea. Alitabasamu. Tabasamu dogo, la upande mmoja, ambalo nilikuwa sijaliona tangu mama afariki.

"Afadhali. Mwanaume akificha timu yake, ataficha na mshahara."

Mzee Beda alicheka kwa nguvu kuliko utani wenyewe. Shangazi aliweka bakuli chini, akaanza kunitengeneza kilemba ili nikiitwa nitoke nikiwa nadhifu. Nilikuwa naona harusi, jamani. Niliiona mpaka keki.

Halafu Felisian akasema, "Kuna jingine, baba. Sipendi ulisikie kwa mtu."

"Sema."

"Msimu ule wa goli tano. Jeneza lililoletwa hapa kwako. Mimi ni mmoja wa waliolibeba."

Mikono ya shangazi ilisimama kichwani mwangu.

Wenye kumbukumbu hawahitaji kuelezwa goli tano. Yanga walitupiga mkono mzima, na usiku haujaingia tawi lao la Katandala walikuwa wamepiga misumari kwenye mbao, wakalifunika sanduku kitambaa chekundu, wakalibeba kwa ngoma na vuvuzela mpaka kizingitini kwetu, wanaimba Simba amekufa. Kila tawi nchini linafanya utani wa namna hiyo. Sisi wenyewe tuliwahi kuwapelekea Yanga kuku aliyevalishwa bendeji. Lakini siku ile mimi nilikuwa nimemshika baba mkono dirishani, naye hakucheka.

"Mbele au nyuma?" aliuliza baba.

"Mbele. Upande wa kulia."

"Uliimba?"

"Niliimba, baba."

Tabasamu la baba lilikuwa limeondoka, lakini sauti haikupanda. Ingepanda ningepumua.

"Kijana, utani naujua. Sisi na ninyi ni watani wa jadi. Mkiizika timu yangu leo, mwakani nitaizika yenu, tutakunywa soda. Lakini mtani ana kazi mbili. Siku ya furaha anakucheka. Siku ya msiba anakuja kwanza, anakata kuni, anachimba kaburi, na ndiyo maana ana ruhusa ya kukucheka. Mlipoleta sanduku lenu, udongo wa kaburi la mke wangu ulikuwa bado haujakauka. Siku tuliyomzika, kutoka Katandala hakuja mtu. Hata ukuni mmoja. Sasa mtu asiyekuja na pole, akaja na jeneza, huyo mimi simwiti mtani. Sijui nimwiteje."

Felisian aliirudisha miguu yake chini ya kiti.

"Mzee Beda," alisema baba, "posa yako sijaikataa. Sijaipokea pia. Mwende salama, upepo ni mkali."

Sikuitwa sebuleni. Nilibaki nyuma ya pazia na kilemba changu kizuri.

*

Kesho yake alinifuata kwenye kibanda changu cha kushonea, karibu na soko. Nilimwona anakuja na nikakanyaga cherehani kwa kasi ili asipate pa kuweka neno. Akavuta gunia la vipande vya vitambaa, akakaa. Ndivyo tulivyoanza mapenzi yetu, kwenye gunia hilo hilo. Siku ya kwanza alileta turubai la Fuso limechanika, akiwa na jezi ya kijani. Nikamwambia sishonei Yanga. Akasema atasubiri nibadilike. Alisubiri mpaka jioni, nikalishona, likanivunjia sindano tatu, na kesho yake akarudi na sindano mpya na mgebuka mkavu, samaki wa Kasanga.

"Atu."

Cherehani.

"Atusaye, nisikilize."

"Tumekaa pamoja msimu mzima, Felisian! Umekula kwenye kopo langu la chai. Hukuona siku hata moja ya kuniambia?"

"Kila siku niliiona. Kila siku niliogopa."

"Ukaona ukamwambie baba kwanza?"

"Nisingeweza kumwomba binti yake huku nimemficha lile. Na wewe ningekwambia kabla, ungenikataza nisimwambie. Ungetaka niposwe kwanza... nipose kwanza."

Alikuwa sahihi, na hilo lilinikera zaidi.

"Kwa nini hamkuja msibani? Nijibu hilo tu. Mji huu mtu akifiwa Kizwite, wa Chanji anajua kabla ya saa sita."

Alishika kichwa. "Nilikuwa mgeni mjini, nimetoka Mwazye mwezi ule. Nilimsikia Edwin, mwenyekiti wetu, anawaambia watu: tusiende. Ni msiba wa mwenyekiti wa Simba, wakituona na jezi, au hata bila jezi, watadhani tumekuja kuwacheka. Tuwaheshimu tukae mbali. Tukaona ni busara. Halafu zikaja zile goli tano, furaha ikatupanda kichwani, mtu akasema twende kwa mwenyekiti wao. Nikabeba. Nilikuwa sijakujua wewe wala nyumba yenu. Nilipokuona baadaye unaingia mlango ule ule, nilitaka ardhi inimeze."

"Heshima gani ya kukaa mbali? Nani aliwaomba heshima? Tulitaka watu!" Nilishaanza kulia, na mimi nikilia nagomba. "Na unajua mliacha kumzika nani? Mama alikuwa Yanga."

Alinyanyua uso polepole.

"Yanga?"

"Yanga lialia! Kila siku ya mechi ya watani alijifunga kanga yake ya kijani, akapika chakula kizuri kuliko cha sikukuu, akampakulia baba kwenye sahani ya kijani. Baba anasusa. Mama anacheka. Baba anatukana, njaa inamshika, anakula. Maisha yao yote waliishi hivyo. Siku ya mazishi baba alikuwa anaitazama barabara ya Katandala. Nilidhani anangoja ndugu wa Rungwe. Ndugu walikuwa wameshafika, Felisian. Alikuwa anawangoja ninyi. Mje mumzike mwenzenu."

Hakusema pole. Hakunishika mkono. Alisimama, akaenda zake, hata gunia hakulirudisha mahali pake. Niliinama juu ya cherehani nikalia mpaka mteja mmoja akaahirisha suruali yake. Nilitamani kumpiga pasi ya moto na bado nilimpenda. Mapenzi hayana adabu, hayangoji kwanza hasira iishe.

*

Jumamosi iliyofuata tawi letu lilikutana uani kufungua msimu. Viti vilipangwa, jezi mpya zilivaliwa, nyingine bado zina mikunjo ya dukani. Mwaka huu, mtu mmoja alisema, mwaka huu hawatoki. Mwingine akasema hata mwaka jana ulisema hivyo. "Mwaka jana nilikuwa najaribu," akajibu, watu wakacheka. Baba aliongoza kikao vizuri, lakini mimi namjua. Alikuwa kama mtu anayesoma tangazo la mtu mwingine.

Shangazi Janeth ndiye aliyewaona kwanza. "Mama yangu," alisema. "Wanakuja."

Kutoka upande wa Katandala ilikuwa inashuka rangi ya kijani na njano. Watu wengi, wanaume na wanawake. Lakini hakukuwa na ngoma. Hakukuwa na vuvuzela. Walikuja kimya kabisa, na kimya hicho kilitutisha kuliko kelele. Wanachama wetu walisimama. Kijana mmoja wa kwetu alikuwa ameshainua kiti.

"Kaeni," alisema baba.

Walipokaribia nikaona kwamba wanawake wamebeba kuni vichwani. Edwin, yule mwenyekiti wao, muuza vipuri vya pikipiki, mtu mfupi mwenye sauti ya kanisa zima, alikuwa ametangulia na jembe begani. Nyuma yake Felisian alikuwa amebeba gunia zima la maharage, shingo imemsimama, jasho linamtiririka kwenye baridi ile. Mzee Beda alikuwa pembeni yake na mfuko wa sukari.

Kuni zikatuliwa. Jembe likalazwa chini. Edwin alivua kofia, akapiga goti moja uani kwetu, kwenye kundi la Simba.

"Shikamoo, mzee. Tumekuja msibani. Tumechelewa."

Baba alilitazama lile jembe. Upepo ulikuwa unaipigapiga bendera juu ya bati.

"Mmechelewa sana," alisema.

"Sana, mzee. Makosa ni yangu, si ya vijana. Nilisema tukija mtadhani tunawacheka."

"Na sasa?"

Edwin aligeuka akamtazama Felisian, na Felisian akatikisa kichwa kumwambia endelea. Nikaelewa kwamba hili lilikuwa limepangwa, na kwamba wote wawili walikuwa wanaogopa.

"Ukweli wenyewe, mzee," alisema Edwin, na sauti yake ya kanisa ikaanza kupanda, "tulisikia kuna msiba kwa Simba. Tukauliza, nani kafa? Tukadhani ni Simba wenyewe. Na hao wanakufa kila msimu! Tukasema jamani, hatuwezi kuwa tunazika kila mwaka, mashamba atalima nani?"

Ulikuwa utani wa msibani, wa watani wenyewe, ule unaotolewa kando ya kaburi ili waliofiwa wapate pa kushika. Ulikuwa umechelewa mno, na ungeweza kuanguka vibaya. Niliona bega la baba likitikisika. Nikadhani analia. Likatikisika tena, kikamtoka kicheko, kicheko kikubwa kilichomwinamisha mpaka akashika magoti, na machozi yakawa yanamshuka hapo hapo. Sijui kipi kilikuwa kingi. Hata yeye nadhani hakujua.

"Mbwa ninyi!" alisema alipopata pumzi. "Alikuwa wenu! Mnajua? Alikuwa wenu!"

"Tumeambiwa, mzee," alisema Edwin kwa upole. "Ndiyo maana tumekuja na jembe. Tukipewa ruhusa tukamsafishie mwenzetu pale alipolala."

Tulienda wote. Sijawahi kuona kitu kama kile na sidhani nitakiona tena, nyekundu na kijani kwenye njia moja bila askari. Felisian alipalilia kaburi la mama peke yake, alikataa kusaidiwa. Nilisimama karibu. Alipofika upande wa kichwani alisema taratibu, akidhani simsikii, "Nisamehe, mama. Nilikuwa mbele, upande wa kulia."

Hasira yangu yote iliishia pale.

Tuliporudi nyumbani, baba aliingia ndani akakaa kitambo. Akatoka na kiti cha mama, kile kifupi cha mbao alichokuwa anakalia jikoni, akakiweka karibu na kiti chake.

"Mshenga yuko wapi?"

"Nipo!" Mzee Beda alitokea na kipande cha muwa mdomoni.

"Posa yako nimeipokea."

Shangazi akapiga kigelegele, wanawake wa kijani wakamjibu. Baba akainua mkono.

"Lakini nina sharti."

Nikajua. Kila mtu alijua. Watu wa Simba walianza kutabasamu, na mmoja alikuwa ameshaanza kuvua jezi yake nyekundu ili Felisian apewe. Niliuona uso wa Felisian ukikaza. Nikaogopa atakataa. Nikaogopa zaidi kwamba atakubali, kwa sababu yangu, halafu yule mtu niliyempenda asiwepo tena.

"Siku tutakayocheza nanyi Ngao ya Jamii," alisema baba, "utakuja kuangalia mpira hapa. Utakaa kiti hiki. Utavaa jezi yako ya kijani, na hizo soksi zako mbaya. Tukiwafunga nitakucheka mpaka ujute kuzaliwa. Mkitufunga, unicheke. Kwa sauti, majirani wasikie." Alikigusa kiti cha mama. "Nyumba hii ina muda mrefu haijachekwa."

Felisian akakikalia kiti. Kilikuwa kifupi, magoti yakamfika kidevuni. Akanitafuta kwa macho katikati ya watu wote wale, na mimi Atusaye, Simba wa kuzaliwa, nikamtazama yule Yanga bila kuona aibu kwa mtu yeyote.

Kisha nikaingia jikoni. Sahani ya kijani ya mama ilikuwa juu kabatini, chini ya nyingine zote, ina vumbi. Nikaiosha. Nikapakua wali, maharage ya Mwazye na nyama, nikamletea baba mbele ya tawi zima.

Aliiona sahani. Alinitazama mimi, akaitazama tena. Alitukana kidogo kwa Kinyakyusa, akageuka upande, akasusa.

Tukangoja. Akanawa mikono, akala.